Kwa Nini Mashine ya Kilindini Hufungwa Kamba

Barua ya wiki hii imetoka mbali na bahari. Imetoka Ikinga, kata ya Wilaya ya Ileje, Mkoa wa Songwe, kule kwenye milima inayotazamana na Malawi, ambako mtu akitaka kuona maji mengi hana budi kushuka hadi Ziwa Nyasa. Mwenye barua anasema alikwenda Tunduma kwa shughuli zake, na akiwa anakunywa chai mgahawani aliona kwenye televisheni chombo cha kuzamia kisicho na mtu ndani yake kikishushwa baharini kutoka melini, huku kikiburuta nyuma yake kamba ndefu ya rangi ya manjano. Anauliza hivi: ikiwa yeye akisimama kilimani Ikinga anapiga simu hadi Dar es Salaam bila waya, tena mara nyingine simu yake inanasa mtandao wa Malawi bila hata kumwomba ruhusa, iweje mashine ya mamilioni ya fedha ifungwe kamba kama mbuzi?

Swali ni zuri, nami nimeona nilijibu hewani badala ya kumjibu kwa barua, kwa sababu jibu lake linagusa mengi yanayotuhusu.

Jibu fupi ni kwamba maji ya chumvi hula redio. Mawimbi yanayoleta sauti yangu hadi sebuleni kwako hupita hewani bila taabu, lakini yakiingia baharini hufa upesi sana, kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme na kwa hiyo huyanyonya. Majeshi ya mataifa makubwa yanayo mitambo ya mawimbi marefu mno ambayo huweza kuifikia nyambizi iliyo chini kidogo ya uso wa bahari, lakini mitambo hiyo hupeleka herufi chache tu kwa wakati, wala si picha. Mwanga wa jua nao huishiwa nguvu kwenye meta 200 hivi, na chini ya hapo ni giza.

Kinachosafiri vizuri majini ni sauti, na nyangumi walilijua hilo kabla yetu. Sauti ikiwa baharini hukimbia meta 1,500 hivi kwa sekunde moja, yaani zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Lakini hebu tufanye hesabu. Chombo kikiwa kilometa 4 chini, amri ya kukiambia kisimame itachukua karibu sekunde 3 kufika, na jibu lake litachukua muda kama huo kurudi. Wakati wewe juu unasubiri jibu, chombo kimekwisha gonga jabali. Zaidi ya hayo, picha ya televisheni inayotembea ni mzigo mkubwa mno kubebwa na sauti. Basi inabaki kamba.

Na kamba si jambo geni kwetu. Wale wenye jamaa Oman na nchi nyingine za Ghuba huenda wamewahi kusikia habari za uvuvi wa lulu. Mpiga mbizi, aliyeitwa ghais, alibana pua kwa kibanio, akakanyaga jiwe lililofungwa kamba, nalo likamzamisha upesi hadi chini. Kamba ya pili, ile ya kumrudisha, ilishikwa na mtu aliyebaki jahazini, aliyeitwa saib. Pumzi ikimwishia ghais aliitikisa kamba hiyo, naye saib akavuta kwa nguvu zake zote. Ujumbe uliopita kwenye kamba ile ulikuwa na neno moja tu: vuta. Kati ya waliozama hivyo katika karne ya 19, na hata mwanzoni mwa karne ya 20, walikuwamo watu waliotekwa katika nchi zetu hizi za Afrika Mashariki na kuuzwa utumwani. Uhai wao ulikuwa mkononi mwa aliyeshika kamba. Saib akisinzia, au akigeuka kuzungumza na mwenzake, basi tena. Biashara ile ilianguka miaka ya 1930, pale lulu za kufugwa za Japani zilipojaa sokoni na uchumi wa dunia ulipodorora, lakini mpango wenyewe wa mmoja chini, mmoja juu na kamba katikati haukufa.

Wakati ghais na saib wangali wakiwasiliana kwa mtikiso, waya wa shaba ulikwisha anza kulazwa chini ya bahari kubeba maneno. Mwezi Januari mwaka 1879 jeshi la Waingereza lilipigwa vibaya na Wazulu pale Isandlwana, na habari hiyo ilichukua takriban siku 20 kufika London, kwa kuwa huku kusini mwa Afrika hakukuwa na waya wa kuipeleka moja kwa moja. Wakubwa wa London hawakupenda kabisa kukaa gizani namna ile. Kabla ya mwaka huo kwisha, waya wa simu za maandishi ulikuwa umelazwa baharini kutoka Aden hadi Zanzibar, ukaendelea Msumbiji hadi Durban. Sultani wa Zanzibar wakati huo alikuwa Seyyid Barghash, na mji wake ukawa kituo kwenye mstari huo. Waya wenyewe ulivikwa utomvu mgumu wa mti wa Malaya ili maji yasiufikie.

Ndugu zetu wa Ikinga hawakuachwa mbali sana na mambo hayo. Cecil Rhodes, yule Mwingereza aliyetaka kuunganisha Cape na Cairo, alipeleka waya wake wa simu kutoka kusini, ukapita nchi ya Nyasa hadi Karonga, ukakatiza uwanda ulio kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, kisha ukaingia nchi iliyokuwa ya Wajerumani na kuishia Ujiji. Mwaka 1899 Rhodes alikwenda mwenyewe Berlin kumwomba Mfalme Wilhelm ruhusa ya kupitisha waya huo. Hatukuulizwa sisi, bila shaka.

Ila waya uliolazwa chini ukatulia ni kitu kimoja, na waya unaoning'inia majini huku mwisho wake umefungwa mashine inayotembea ni kitu kingine. Huu wa pili huvutwa na mkondo, hutikiswa na meli inayopanda na kushuka na mawimbi, hujikunja, husuguka. Na hapo ndipo historia ya swali la msikilizaji wetu inapoanza hasa.

Tarehe 17 Januari 1966, juu ya kijiji cha Palomares, kusini mwa Hispania, ndege ya kivita ya Marekani aina ya B-52 iligongana na ndege iliyokuwa ikiipa mafuta angani. Watu 7 walikufa. B-52 ile ilikuwa imebeba mabomu 4 ya haidrojeni. Matatu yaliangukia nchi kavu, la nne likaangukia baharini. Jeshi la majini la Marekani likaleta meli na wataalamu wake wakaanza kupekua. Mvuvi mmoja wa hapo, Francisco Simó Orts, alikuwa baharini siku hiyo na aliliona kitu kile kikishuka kwa mwavuli, akawaonyesha mahali. Ilichukua muda kabla maneno ya mvuvi hayajapewa uzito, lakini hatimaye nyambizi ndogo iitwayo Alvin, yenye watu ndani, ililiona bomu tarehe 15 Machi, karibu na pale pale aliposema mvuvi. Walipojaribu kulivuta, kamba ilikatika, bomu likateleza mtelemkoni. Wakalitafuta upya, wakaliona tena mwanzoni mwa Aprili.

Ndipo ikaletwa mashine iliyoitwa CURV. Hiyo ilikuwa imetengenezwa kwa kazi ya unyonge tu, nayo ni kuokota makombora ya majaribio yaliyozama. Haikuwa na mtu ndani. Ilikuwa na kamera, taa, mota na mkono wa chuma, na yote hayo yaliendeshwa na watu waliokaa melini, amri zikishuka na picha zikipanda kwa kebo ya shaba. Ikashushwa karibu meta 900. Ikafunga kamba kwenye mwavuli wa bomu, kisha yenyewe ikanaswa na mwavuli huo. Waliokuwa juu wakaamua kuvuta vyote kwa pamoja, mashine na bomu vimekumbatiana, na tarehe 7 Aprili vikatoka majini. Kama kungekuwa na binadamu ndani ya chombo kilichonaswa vile, sidhani kama kuna ofisa angethubutu kutoa amri ya kuvuta.

Miaka 7 baadaye, mwisho wa Agosti 1973, nyambizi ndogo iitwayo Pisces III ilizama meta 480 hivi katika bahari ya kusini magharibi mwa Ireland ikiwa na Waingereza wawili, Roger Chapman na Roger Mallinson. Ndugu yake CURV, aliyeitwa CURV-III, alisafirishwa kutoka Marekani, akashuka na kufunga moja ya kamba zilizoivuta nyambizi ile. Tarehe 1 Septemba watu wale wawili walitolewa hai, hewa yao ikiwa imebaki ya dakika chache mno. Tangu hapo, wachimbaji wa mafuta wa Bahari ya Kaskazini hawakuhitaji kuelezwa faida ya mashine za kamba.

Sasa tuzungumzie udhaifu wa shaba. Picha ya televisheni ikisafiri ndani ya waya wa shaba hudhoofika kila hatua. Ukitaka ifike mbali sharti uneneshe waya, na ukiunenesha unakuwa mzito, ukiwa mzito unahitaji chuma cha kuubeba, na chuma nacho kina uzito wake. Pamoja na hayo, kebo nene hukamatwa na mkondo kama tanga linavyokamatwa na upepo, hata mashine ndogo iliyo chini inajikuta inavutwa na kamba yake badala ya kuivuta. Kwa kilindi cha kilometa 1 mambo yalikwenda. Kwa kilometa 6 yalikuwa mateso.

Dawa ilipatikana katika kioo. Mwezi Julai 1966, miezi mitatu tu baada ya bomu la Palomares kutolewa majini, mtaalamu mzaliwa wa Shanghai, Charles Kao, pamoja na mwenzake George Hockham, waliokuwa wakifanya kazi katika maabara moja ya simu mjini Harlow, Uingereza, walitoa andiko lililosema kwamba uzi wa kioo unaweza kubeba mazungumzo kwa njia ya mwanga, ilimradi kioo hicho kisafishwe uchafu wake. Kioo cha wakati huo kilikuwa kichafu kiasi kwamba mwanga ulizimika baada ya meta chache. Kao alisema kikifikia usafi wa kubakiza hata sehemu 1 ya mwanga katika 100 baada ya kilometa 1, kazi imekwisha. Wengi walitikisa vichwa. Mwaka 1970 watu watatu wa kampuni ya Corning huko Marekani, Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz, wakakifikia na kukipita kiwango hicho. Uzi wa siku hizi, ambao wengi wetu tunauita faiba, ukiupitisha mwanga kilometa 15, nusu yake bado ipo.

Uzi wenyewe una unene wa sehemu 1 ya 8 ya milimita, kama unywele. Haupitishi umeme, kwa hiyo mota zenye nguvu zilizo kandokando yake hazichafui ujumbe. Uzi mmoja huweza kupeleka amri chini na kuleta picha juu kwa wakati ule ule, kwa kutumia rangi mbili za mwanga ambazo jicho halizioni. Mwendo wa mwanga ndani ya kioo ni kama kilometa 200,000 kwa sekunde. Yule mtu wetu wa sekunde 3 za kusubiri sauti ifike sasa hasubiri kitu. Anasogeza mkono melini, na mkono wa chuma unasogea kilometa 4 chini.

Msidhani, hata hivyo, kwamba ilikuwa ni kutoa shaba na kutia kioo tu. Kioo ukikikunja sana hupoteza mwanga, ukikivuta sana hukatika. Kwa hiyo kebo ya mashine hizi husukwa kwa ustadi: nyuzi za kioo katikati, waya za shaba za kupeleka umeme kandoni, na nje yake nyuzi za chuma, au zile nyuzi ngumu za plastiki zinazotumika kwenye fulana za kuzuia risasi, ili hizo ndizo zibebe uzito. Kisha kuna tatizo la gurudumu. Kebo imezungushwa kwenye gurudumu kubwa la melini, na gurudumu linazunguka wakati wa kushusha na kupandisha. Umeme unaweza kutoka kwenye kitu kinachozunguka kwa kugusana na brashi, kama katika dainamo. Mwanga je? Ilibidi kitengenezwe kiungo ambamo ncha mbili za kioo hutazamana, moja inazunguka na nyingine imetulia, na mwanga unaruka kutoka hii hadi ile bila kukosea shabaha. Ninakiri kwamba katika hadithi yote hii, kiungo hicho ndicho kinachonistaajabisha zaidi, na hakuna anayekitaja.

Mwaka 1988, ambao pia ndio mwaka kebo ya kwanza ya faiba ilipovuka Bahari ya Atlantiki kwa ajili ya simu, taasisi ya bahari ya Woods Hole ya Marekani ilianza kutumia mashine iitwayo Jason. Kebo yake ya kilometa 10 ilikuwa na unene wa milimita 17 hivi, ndani mkiwa na nyuzi 3 za kioo na 3 za shaba. Mwaka uliofuata, Robert Ballard, yule aliyeongoza ugunduzi wa mabaki ya Titanic, aliitumia kuwaonyesha watoto wa shule wa Amerika ya Kaskazini sakafu ya bahari ya Mediterania papo kwa papo, picha zikipanda kwa kioo hadi melini, kisha zikiruka kwa setilaiti hadi kwenye majumba ya makumbusho walikokusanyika.

Wajapani wakaenda mbali zaidi. Tarehe 24 Machi 1995 mashine yao Kaiko iligusa sakafu ya Challenger Deep, shimo lenye kina kuliko yote duniani, ikapima meta 10,911. Ilikuwa na kamba mbili, moja ndefu kutoka melini hadi kwenye chombo cha kati, na nyingine fupi ya meta 250 kutoka hapo hadi kwenye mashine. Mwezi Mei 2003 ile fupi ilikatika, na Kaiko haikupatikana tena.

Wamarekani nao wakajiuliza, kama mashine itabeba betri zake yenyewe, kamba ina haja gani ya kuwa nene? Wakatengeneza Nereus, iliyokuwa ikiachia nyuma yake uzi mtupu wa kioo, mwembamba kama unywele, unaoweza kufika kilometa 40. Uzi huo haukuwa wa kuvutia wala wa kupelekea umeme. Ulikuwa wa kuzungumza tu. Ukikatika, mashine ilikuwa na akili ya kutosha kurudi juu peke yake. Tarehe 31 Mei 2009 Nereus ilifika Challenger Deep, meta 10,902. Tarehe 10 Mei 2014, ikiwa meta 9,900 katika shimo la Kermadec, kaskazini mashariki mwa New Zealand, mazungumzo yalikatika. Waliokuwa melini walisubiri irudi. Baadaye waliona vipande vyake vikielea.

Mwaka huo wa 2009 ulikuwa na mambo yake. Julai 23 mkongo wa SEACOM ulizinduliwa, na Dar es Salaam ikaunganishwa na dunia kwa kioo. Mwaka uliofuata ukaja EASSy. Serikali nayo mwaka 2009 ilianza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, uliofika hadi Tunduma kuungana na Zambia, na Kasumulu kuungana na Malawi. Na Oktoba 2009 Charles Kao akatangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Wakati huo ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemkamata, na hotuba yake ikasomwa na mke wake.

Sasa tuje nyumbani kabisa. Mashine hizi za kamba zimekuwa zikitembea katika bahari yetu kwa miaka mingi kuliko watu wengi wanavyofahamu. Mnamo mwaka 2003 na 2004 wavuvi wa Kilwa na Tanga walianza kuleta nchi kavu samaki mkubwa wa ajabu aliyenaswa kwenye majarife. Ni silikanti, samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka pamoja na yale mazimwi ya kale, hadi mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Mwaka 2007 Wajapani kutoka chuo kikuu kimoja cha Tokyo na jumba la samaki la Fukushima, wakishirikiana na Taasisi yetu ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, walishusha mashine ya kamba katika bahari ya Tanga wakampiga picha silikanti akiwa hai nyumbani kwake. Baadaye, mwaka 2009, ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga.

Kisha ikaja gesi. Kuanzia mwaka 2010 meli za kuchimba ziliingia bahari kuu mbele ya Mtwara na Lindi. Visima vya kampuni za Uingereza vilipewa majina ya viumbe wa baharini, Pweza, Chewa, Chaza, Jodari. Vile vya Wanorwe vikapewa viungo, Zafarani, Lavani, Tangawizi, Mdalasini. Ukisoma orodha hiyo usiku Forodhani unaweza kudhani ni mambo ya chakula. Lakini Zafarani iko chini ya maji ya zaidi ya meta 2,500, na mpiga mbizi wa kazi, hata awe hodari namna gani, mwisho wake ni kama meta 300. Kwa hiyo kila vali iliyofungwa kule, kila nati iliyokazwa, kila kiputo kilichochunguzwa kama kinavuja au hakivuji, kimeonwa na mashine ya kamba peke yake. Hakuna jicho la binadamu lililowahi kufika.

Tumebishana sana kuhusu gesi hiyo, bomba lipite wapi, asilimia ngapi ziwe zetu. Ni haki kubishana. Ila sijasikia sana watu wakiuliza ni nani alikuwa amekaa kwenye kile chumba cha giza melini, mbele ya skrini, mkono ukiwa juu ya usukani mdogo, akiitazama sakafu ya bahari ya Tanzania. Mikanda ya picha zile za miaka yote iko wapi? Ni vijana wetu wangapi waliofundishwa kukaa kwenye kiti kile? Tunacho Chuo cha Bahari Dar es Salaam, tunavyo vyuo vikuu vyenye idara za sayansi ya bahari na za uhandisi. Mtu wa kuendesha mashine hizi si lazima awe ameoga baharini tangu utotoni. Ni fundi wa umeme, wa mitambo ya maji, wa kompyuta na wa faiba. Kijana wa Ileje anayeunga nyaya za mkongo kando ya barabara ya Tunduma amekwisha pata sehemu ya ufundi huo.

Na mkongo wenyewe unazihitaji mashine hizi. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika zote mbili kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania na ya majirani kadhaa ikazorota vibaya. Aliyezoea kutuma fedha na nyaraka kwa simu aligundua kwamba simu yake isiyo na waya ina waya mrefu sana, isipokuwa umelala asipouona. Ilibidi kusubiri meli ya Kifaransa, Léon Thévenin, iliyoanza kazi mwaka 1983 na ambayo makao yake ni Cape Town. Meli za namna hii huinua ncha za mkongo uliokatika kwa ndoana ndefu au, pasipo na kina kikubwa mno, kwa mashine ya kamba. Mafundi huunga nyuzi ndani ya meli, moja baada ya nyingine, na mahali pengine mashine hiyo hushuka tena kuufukia mkongo mchangani kwa kupuliza maji. Hivyo kioo kimoja kinaongoza mkono unaotibu kioo kingine.

Nimeacha mwisho jambo zito. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander, ikitoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imejaza watu kupita kiasi, ilizama katika mkondo wa Nungwi. Mamia ya watu walikufa, na ni sehemu tu ya maiti iliyopatikana. Wapiga mbizi waliletwa kutoka Afrika Kusini. Walikuta mkondo mkali na kina kilichopita uwezo wa mwili wa binadamu, na kazi ikasitishwa.

Nataka nieleweke vizuri. Mashine ya kamba isingemwokoa hata mmoja. Kuileta, kuifunga melini na kuishusha ni kazi ya siku kadhaa, na waliokuwa ndani hawakuwa na siku. Tena kuingiza mashine ndani ya meli iliyolala kilindini, kamba ikiburutwa kupita milango na ngazi, ni hatari kubwa ya kunaswa, kama CURV ilivyonaswa na mwavuli wa bomu. Lakini ingeweza kufika chini. Ingeweza kuonyesha meli imelala vipi, milango ipi ilifungwa, nani alibaki ndani, na tume ya uchunguzi ingekuwa na picha mbele yake pamoja na maneno ya walionusurika. Jamaa waliokaa ufukweni Nungwi wangeambiwa jambo fulani. Mapema mwaka huo huo, kusini mwa bahari hiyo hiyo, mbele ya Mtwara, watu walikuwa wameketi mbele ya skrini wakitazama picha zilizopanda kwa kebo kutoka kwenye kisima cha Chaza, mahali penye kina ambacho wapiga mbizi wale wa Nungwi wasingeweza hata kukikaribia. Spice Islander ilibaki ilipozama.